Dakika Mbili Kahe

Saa tano usiku. Njoro imelala,
mbwa wa jirani amechoka kubweka,
nami naendesha treni.

Sijatoka nyumbani. Miguu imo ndani ya beseni
la maji ya uvuguvugu na chumvi,
maana tangu asubuhi nimesimama dukani
nikiwapimia watu vitambaa,
na kompyuta kuukuu aliyoniachia Elinami
imekaa juu ya kigoda, inaunguruma kama paka.

Garimoshi lisilo na moshi, ndani ya Moshi.
Mchezo usio na adui.
Hakuna bunduki, hakuna saa inayokufokea.
Kuna reli, kuna manyunyu kwenye kioo,
na vifutio vinavyokwenda kushoto, kulia,
kama mtu anayekataa kitu kwa upole.
Ukichelewa, hakuna anayekununia.
Ukiwahi, hakuna anayekusifu.
Unapiga honi, ng'ombe wanapisha. Basi.

Nchi yenyewe siijui.
Mlima wao una theluji kutwa kucha, bila haya,
si kama Kibo wetu, ajifunikaye shuka wiki nzima
kisha akachungulia Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Majina nimebadili. Mchezo unaruhusu.
Kituo chenye mnara wa saa nimekiita Same,
chenye daraja la mawe, Lembeni,
na pale njia mbili zinapokutana,
penye banda la mbao na taa moja ya njano,
nimeandika: KAHE.

Treni inasimama Kahe dakika mbili.
Ndivyo ilivyopangwa.

Juzi Luku iliisha tukiwa katikati ya daraja,
na betri ya kompyuta ilikufa zamani.
Nikatoka na tochi ya simu, nikaingiza tarakimu ishirini,
nikakosea mara mbili,
nikiwawaza abiria wangu walioning'inia juu ya maji.
Niliporudi, wamekaa vilevile:
bibi mwenye kofia nyekundu, mtoto na ua lake.
Hakuna aliyedai nauli.
Nikawaomba radhi kwa sauti, nikajicheka.

Leo nimesahau kupunguza sauti.
Nimepiga honi nikiingia Kahe, ndefu, halafu fupi,
na nyuma ya pazia kitanda kikalia.

"Aika! Imefika ya kutoka Tanga?"

Mama. Ambaye asubuhi aliniita kwa jina la dada yake,
na jioni akaniuliza mimi ni mgeni wa nani.
Amesimama mlangoni, kitenge kifuani,
sinia tupu la chai kichwani,
mkono mmoja umelishika, mwingine umelegea
kama wa mtu aliyebeba mayai sitini
na anajua hakuna litakalovunjika.

"Chumvi iko wapi? Niliifunga kwenye vipande vya gazeti."

Ningeweza kusema: Mama, ni mchezo.
Ningeweza kusema: hujauza Kahe
tangu nikiwa darasa la nne.
Nikavuta miguu, maji yakamwagika,
nikasogea kwenye kochi.

Akainama, akawatazama madirishani mmoja mmoja
kwa jicho la kuhesabu.
"Hawa mbona hawanunui?"
"Wameshiba, Mama."
"Wa daraja la tatu hawashibi."
Akanyoosha kidole. "Yule, mwenye kofia.
Atachukua mawili, na atasema hana pesa ndogo."

Akanyamaza. Midomo ikawa inahesabu.
Kengele ya milango ikalia.
Mama akanikamata kiwiko, kwa nguvu zake za zamani:
"Mwambie dereva angoje! Sijalipwa!"

Dereva ni mimi.
Nikafungua mipangilio, penye muda wa kusimama,
nikafuta mbili. Nikaandika tisini na tisa,
zaidi ya hapo mchezo haukubali.

Manyunyu yanaendelea kwenye kioo.
Mama ameshusha sinia mapajani.
Anangoja pesa yake.